Mjadala: Wizi mdogo Marekani uzibwe wenyewe kwenye rekodi, waajiri wasiuone, au mtu aende mahakamani akaombe?

Wadau wa ughaibuni, karibuni tubishane. Juzi arusini, hapa Pennsylvania, mzee mmoja alisema aliyeiba ni mwizi, jina lake likae kwenye kompyuta ya serikali mpaka afe. Meza nzima ikagawanyika. Mimi nilikuwa upande wa pili, na bado nipo.

Uzito wa wizi huku unategemea umesimama wapi. Chukua koti la dola 300. Ukiliiba Texas ni kosa dogo. Kule wizi wa kawaida wa bidhaa hauwi feloni, yaani kosa zito la jinai, mpaka ufike dola 2,500. Toka hapa Pennsylvania, vuka mto Delaware uingie New Jersey: koti lile lile ni kosa zito, maana kwao kosa zito linaanzia dola 200. Hapa kwetu ndiyo kali zaidi. Ukitiwa hatiani kwa wizi wa dukani mara ya tatu, hata kama ni lipstiki, ni feloni. Bei haiulizwi.

Namjua dada mmoja aliyepitisha vipodozi bila kuviskani kwenye mashine ya kujilipia. Faini alilipa, akatulia. Tangu hapo kila akiomba kazi, hata ya kufagia wodi, anaambiwa "tutakupigia". Simu haiji.

Ndiyo maana naunga mkono sheria ya Clean Slate. Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza kuipitisha, 2018: mfumo wenyewe unaziba rekodi, huhitaji wakili. Sasa vikosa vya chini kabisa vinasubiri miaka 5, na mengi ya makosa madogo miaka 7, mradi hujarudia na umemlipa uliyemwibia. Utah, Michigan na Minnesota nazo zina sheria kama hiyo.

Mzee alisema mwenye duka ana haki ya kujua anamkabidhi nani kasha la fedha. Hoja nzito, sikatai. Ila kuziba si kuchoma faili. Polisi na mahakama bado wanaliona.

JIBU: Mkuu, utawapoteza watu. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akisikia "imezibwa", anajaza fomu ya uraia kwamba hajawahi kukamatwa. Uhamiaji ni wa serikali kuu, haufungwi na msamaha wa jimbo. Fomu hiyo, N-400, inauliza hata yaliyofutwa; ukificha umejiongezea kesi. Na hukumu ya kifungo cha mwaka mmoja kwa wizi, hata kama hukulala jela siku moja, inaweza kukurudisha kwenu. Tena tangu Januari 2025, kwa sheria ya Laken Riley, asiye na makaratasi akikamatwa tu kwa wizi wa dukani, kabla hata ya hukumu, uhamiaji unatakiwa kumweka kizuizini.

MLETA MADA: Hapo umenishika, ilibidi nianze na hilo. Asiye raia amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri kosa, siyo baada. Wengi hukiri haraka ili wawahi zamu ya usiku, wakadhani yameisha.

Lakini dada yangu yule ni raia, hana kesi na uhamiaji. Anataka kazi tu. Walio upande wa mzee, nijibuni: vipodozi vile mnavipa miaka mingapi?