Naomba ushauri: wiki ya matufaa darasa la awali, watoto ni wengi na matunda ni machache

Mwl_Muheza

Habari za humu ndani wakuu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya serikali hapa wilayani Muheza. Nina watoto 71 na niko peke yangu darasani. Ukutani tuna chati ya matunda, na kila asubuhi watoto wanaisoma kwa wimbo: embe, nanasi, chungwa, tufaa. Wanaimba vizuri kweli. Juzi nikamwita mmoja mbele, nikaweka kidole kwenye tufaa bila ule wimbo, nikamuuliza hiki ni nini. Akaangalia, akasema, "Nyanya." Wa pili naye, nyanya. Wa tatu alisita kidogo, kisha akasema nyanya ya kupikia. Siwezi kuwalaumu. Ile picha ni duara jekundu lenye kijani juu. Nyanya wanaijua, wanatumwa dukani kila siku. Tufaa wengi wao hawajawahi kulishika.

Mjomba wangu analima Lushoto. Ameniahidi tenga dogo, kama matunda 25 hivi, atalipakia kwenye basi lishuke Mombo hadi huku. Nataka wiki nzima ya kazi izunguke kwenye tunda hilo: kuhesabu, lugha, mazingira, sanaa. Nimeona mtandaoni walimu wa nje wanavyofanya, ila wao kila mtoto ana tufaa lake mkononi na wasaidizi wamesimama pembeni.

Naombeni mnisaidie. Matunda 25 kwa watoto 71 nayagawaje bila vurugu, na bila mtoto kurudi nyumbani analia? Nianze na nini? Halafu mwalimu mkuu hajanikatalia, ila ameniuliza: "Hayo matunda yakishaliwa, utakuwa umefundisha nini?" Swali lake ni la haki na nataka nimjibu kitaalamu.

Natanguliza shukrani.

Bibi_Ticha

Mwanangu, hongera kwa kumsikiliza yule mtoto wa nyanya. Wengine wangemsahihisha na kuendelea na wimbo. Mimi nimestaafu, niko Njombe, awali ndiyo imenilea.

La kwanza: usikate tunda siku ya kwanza. Ukikata tu, watoto wanawaza kula, na hapo umewapoteza. Anza na mfuko. Chukua foronya, tia humo tufaa, nyanya, chungwa na pera. Mtoto anaingiza mkono, haruhusiwi kuchungulia, anawaambia wenzake anachokigusa: ni gumu, linateleza, lina vinundu, lina kikonyo, lina kishimo juu. Wenzake wanakisia. Nyanya akiiminya inabonyea, tufaa halibonyei. Hapo mtoto atatenganisha nyanya na tufaa kwa vidole vyake mwenyewe, na hutakaa umsikie akichanganya tena. Wewe kazi yako ni kuandika ubaoni kila neno linalotoka midomoni mwao. Msamiati wa wiki nzima unautoa hapo.

Kuhusu wingi wao: mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, wewe una karibu mara tatu yake. Kwa hiyo usifundishe wote kwa mpigo. Tumia kona za ujifunzaji. Watoto 12 mkekani pamoja na wewe na matufaa matatu. Wengine kona ya kuhesabu na vizibo vya soda, wengine wanafinyanga udongo, wengine wako nje kwenye michezo na mzazi aliyekubali kuja. Kisha mnazunguka. Omba wazazi wawili tu kwa wiki hiyo, uwaeleze mapema cha kufanya, usiwaache wasimame. Kwa kazi ya kushika, kunusa na kupima, tunda moja kwa watoto wanne linatosha kabisa. Na walioshika leo asubuhi, kesho waanze wengine. Watoto wanakumbuka zamu kuliko sisi.

Mzee_wa_Machungwa

Mwalimu, naomba nitofautiane kidogo na wenzangu. Muheza ni nchi ya machungwa. Mtoto wako anaamka chini ya mchungwa, analijua ua lake, anajua lini chungwa linaiva na lini bei inashuka mpaka yanaozea shambani. Kwa nini tumtafutie tunda la baridi kutoka mlimani? Tulifundishwa chuoni: toka kwenye kinachojulikana nenda kwenye kisichojulikana. Naona hapa tunaanzia kusikojulikana kwa sababu tu wazungu wanafanya hivyo.

Sisemi uache. Nasema chungwa litangulie. Jumatatu iwe ya chungwa, wakueleze wao, wakufundishe wewe. Jumanne ndiyo tufaa liingie kama mgeni, waulizwe: mgeni huyu anafanana na chungwa wapi, na wapi hafanani? Ganda la chungwa linamenywa kwa mkono, la tufaa linaliwa. Chungwa ndani lina vipande, tufaa lina nini? Mtoto atakuwa na mahali pa kulipachika hilo jipya.

Mwl_Muheza

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuelewa na nimekubali: Jumatatu chungwa. Machungwa napata bure, wazazi wataleta. Nililokuwa nawaza ni kwamba tufaa limo kwenye chati na kwenye vitabu vyao, watakutana nalo hadi wamalize shule ya msingi, na sitaki liendelee kuwa picha tu.

Kijana_Shambalai

Niko Lushoto, nalima matufaa na mapeasi. Nichangie upande wa mti, maana watoto watakuuliza yanatoka wapi, na jibu la "sokoni" halitoshi.

Mtufaa unahitaji baridi. Usipopata baridi ya kutosha haupumziki vizuri, na usipopumzika hautoi maua inavyotakiwa. Ndiyo maana huku juu milimani unazaa na kwenu chini mchungwa ndio unatamba. Zipo aina zinazovumilia baridi kidogo, kama Anna, ambayo asili yake ni Israel, lakini hata hiyo bado inapenda mwinuko.

Sasa tahadhari, mwalimu. Watoto wakiziona mbegu watataka kuzipanda. Wapande, ni somo zuri, ila usiwaahidi matufaa. Kwanza mbegu yenyewe inataka kukaa kwenye baridi na unyevu kwa wiki kadhaa ndiyo iote. Pili, mche wa mbegu haufuati mama yake, unaweza kutoa tunda dogo chachu kabisa. Ndiyo maana sisi tunatumia miche ya kubebesha, yaani kijiti cha mtufaa mzuri kinaunganishwa kwenye mche mwingine. Kama unataka waone kitu kinaota wiki hiyohiyo, pandeni maharage kwenye kopo, yanaota ndani ya siku chache. Mwambie mjomba aongeze na tawi dogo lenye majani. Mtoto akiona tunda limeshika kwenye tawi ataelewa kikonyo ni cha nini.

Mama_Wawili_Minnesota

Salamu kutoka Minneapolis, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, huku nafanya kazi kama msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na matufaa yanavunwa kipindi hichohicho, kwa hiyo kila chekechea inaanza na tufaa. Wanapelekwa hadi shambani kuchuma. Aina ya Honeycrisp ilizalishwa hapahapa, chuo kikuu cha Minnesota, wakaitoa kwa wakulima mwaka 1991, na watu wa huku wanajivunia nayo. Nimesema hayo ili ujue kwamba kwao tufaa ndilo chungwa la Muheza. Mzee wa Machungwa hapo juu amesema kweli.

Nikupe kazi tatu ambazo nimeziona zikifanya watoto wanyamaze na kufikiri.

Ya kwanza, majini. Beseni la maji, tufaa, kiazi mbatata na chungwa. Kabla ya kutumbukiza kila mtoto aseme: litaelea au litazama? Anayesema litaelea anasimama kulia, litazama kushoto. Tufaa litaelea, maana karibu robo ya ujazo wake ni hewa. Kiazi kitazama. Chungwa lenye ganda litaelea. Sasa limenye ganda, ulirudishe majini: linazama! Utasikia kelele. Waulize kwa nini, na usikimbilie kuwajibu. Ganda lile jeupe ndani lina vijishimo vya hewa, lakini waache wahangaike nalo kwanza.

Ya pili, kukata. Waulize mbegu ziko ngapi, kila mmoja aweke kokoto mbele yake kwa idadi anayokisia. Kisha usikate kutoka kikonyoni kwenda chini kama tulivyozoea. Lilaze tunda, likate katikati kwa upana. Utaona nyota. Kwa kawaida ina vyumba vitano, na kila chumba mara nyingi kina mbegu mbili, ila kimoja kinaweza kuwa na moja au kisiwe nayo kabisa. Uzuri ndio huo: kata matatu, mhesabu kila moja, mlinganishe. Lipi lina nyingi? Limezidi kwa ngapi? Mtoto anatoa na kujumlisha vitu anavyoviona.

Ya tatu, vipande vitatu kwenye sahani. Kimoja kipake maji ya ndimu, cha pili kichovye kwenye maji ya chumvi, cha tatu kiache hivyohivyo. Viangalieni mkitoka mapumziko. Kile kilichoachwa kitakuwa cha kahawia. Kwa faida yako mwalimu: tunda likikatwa, hewa inakutana na vimeng'enya vilivyomo ndani na rangi inabadilika, ndimu na chumvi vinavizuia visifanye kazi haraka. Mtoto wa miaka mitano inamtosha kuona na kusema "hewa imelibadilisha."

Ukiweza, nunua mawili ya kijani Tanga mjini, yale makali. Waonje kijani na jekundu, kisha kila mtoto aweke kizibo kwenye mstari wa lile alilolipenda, mistari umeichora sakafuni kwa chaki. Tayari una grafu.

Mwalimu_PP2_Nakuru

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Kenya, nafundisha PP2, yaani mwaka wa pili wa awali. Nimefurahia sana huu uzi. Naongeza jambo moja tu, na ninalisema kwa uchungu.

Kwenye hizo kurasa za nje utaona watoto wakichovya nusu ya tofaa kwenye rangi na kupiga chapa kwenye karatasi, kisha linatupwa. Tafadhali usifanye hivyo. Kuna mtoto wako aliyekuja shule bila chai. Ukimwonyesha chakula kinapakwa rangi na kutupwa, umemfundisha kitu ambacho hukukiandika kwenye mpango wa somo. Kata bua la jani la mgomba, lina vishimo vya kupendeza likichovywa. Kifuniko cha chupa kinatoa duara. Kufinyanga nako ni kuzuri: tofaa la udongo, kijiti kidogo kiwe kikonyo, jani halisi juu. Matofaa halisi yaliwe yote.

Kwa lugha, tumieni silabi "tu": tufaa, tunda, tumbo, tumbili. Zinakuja zenyewe.

Nesi_wa_Kliniki

Walimu mmeongea vizuri, nami niseme la usalama. Tufaa bichi ni gumu, na mtoto mdogo akimeza bonge linaweza kumpalia. Likatwe vipande vyembamba, sio vibonge. Wakila wawe wamekaa, wasiimbe wala wasikimbie na kitu mdomoni. Matunda yaoshwe kwa maji safi, mikono kwa sabuni na maji tiririka. Kisu kiwe mkononi mwako peke yako na kiondoke mezani ukimaliza.

Mbegu: mtoto akimeza moja au mbili nzima hakuna neno, ila wasizitafune, kwa hiyo zitoe kabla ya kugawa. Mnapozihesabu, mzihesabu tena mwishoni. Nimeshatoa mbegu na maharage mengi puani na masikioni mwa watoto wa umri huo.

Mwl_Muheza

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeamua: Jumatatu chungwa, Jumanne mfuko, Jumatano beseni, Alhamisi kukata, kuhesabu na ndimu, Ijumaa kuonja na grafu. Matunda matano ya kazi, na 20 yaliyobaki nitayakata vipande vinne vinne, ni vipande 80, kila mtoto anapata na wazazi wasaidizi wanapata. Kila kipande nakigawa tena chembamba kama nesi alivyosema. Imebaki ya mwalimu mkuu.

Bibi_Ticha

Mwalimu mkuu mpelekee andalio la somo, usimpelekee maneno. Kwa kila siku andika umahiri unaojengwa na kitu utakachokiona kwa mtoto. Jumanne: mtoto anaeleza kitu kwa maneno yasiyopungua matatu. Jumatano: anakisia na kusema sababu. Alhamisi: anahesabu hadi kumi na kulinganisha idadi. Ijumaa: anasoma grafu ya vizibo. Kisha mwalike Alhamisi, mpe kokoto, naye akisie mbegu pamoja na watoto.

Kijana_Shambalai

La mwisho kutoka kwangu. Mwambie mjomba asiyaoshe kabla ya kufunga, asing'oe vikonyo, na ayatenganishe kwa magazeti ili yasigongane njiani. Yakigongana yanapata michubuko na hayakai. Ukiyapokea weka kivulini. Chukua moja ulifunge kwenye mfuko mmoja na ndizi mbichi mbili tatu, na ndizi nyingine za mkungu uleule uzifunge peke yake. Za kwenye mfuko wa tufaa zitaiva mapema, maana tufaa linatoa hewa inayoivisha. Funga Jumatatu, na watoto wawe wanazikagua kila asubuhi.