MJADALA: Mwanafunzi aanze kuunganisha majedwali kwa SQL (lugha ya hifadhidata) ya mkono, au Laravel (zana ya PHP inayomwandikia SQL) imfanyie?

Mama Njiro: Nina vijana sita hapa Arusha. Zoezi letu ni jedwali la wakulima na jedwali la mapokezi ya kahawa. Nawaandikisha JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, kwa mkono miezi miwili kabla hawajagusa Laravel. Wazazi wanasema nawapotezea muda. Semeni.

Kibosho Kodi: Dada, wazazi wana haki. join() ya Laravel inatoa SQL ileile.

Wa Majengo: Ileile ipi? join() tupu ni INNER JOIN, inabakiza tu waliomo kwenye majedwali yote mawili, asiye na mapokezi anatoweka. Chama kimoja cha msingi huku Moshi kilibandika orodha ya wanachama, mama yangu hayumo, kisa msimu ule hakupeleka kahawa. Mwanachama wa miaka thelathini! Alirudi nyumbani analia.

Kibosho Kodi: Pole kwa mama. Lakini leftJoin, inayobakiza wakulima wote hata wasio na mapokezi, ni neno moja, halihitaji miezi miwili.

Binti Sakina: Neno moja? Weka leftJoin, halafu chini yake where, yaani kichujio, ya mapokezi.msimu. Wasiopeleka wana NULL hapo, yaani hakuna thamani, where inawafyeka wote, umerudi kwenye INNER na hujui. Sharti la msimu liingie ndani ya leftJoin, kwenye ON, pale panapoandikwa masharti ya kuunganisha. Nilihangaika nalo siku mbili. Na nyie wa Kibosho muache kuandika majina ya safu ya Kiingereza kama farmer_id kwenye mfumo wa wakulima wetu.

Kibosho Kodi: Kibosho imeingiaje? Akija mtu wa Nairobi kuurekebisha atasomaje?

Wa Majengo: Nairobi hawamjui mkulima?

Kibosho Kodi: Laravel yenyewe inafuata wingi wa Kiingereza. Modeli, yaani darasa la kodi linalowakilisha jedwali, ukiiita Mkulima, inatafuta jedwali la "mkulimas". Mtapambana nayo?

Binti Sakina: Mstari mmoja kwenye modeli: $table = 'wakulima'. Imekwisha. Usitutishe kwa kitu kidogo hivyo.

Mama Njiro: Jamani, niliuliza habari ya vijana wangu.

Kibosho Kodi: Ngoja dada, huyu kanitaja kijiji.

Wa Majengo: Mnagombania majina ya safu! Orodha iliporekebishwa mama yumo, ila kwenye kilo pamechapwa NULL. Akaniuliza, "Baba, hili ni deni?" Dada Njiro, hao vijana wafundishe na COALESCE, inayoweka thamani nyingine penye NULL, pale pasomeke 0.