Naomba ushauri: safari ya siku moja ya pangoni na kuelea mtoni kwa tyubu, Amboni au Chemka na Marangu?

Kijana wa Njiro (mleta mada)
Wakuu, habari za Jumapili. Nataka kupeleka watu matembezi ya siku moja yenye vitu viwili: kuingia pangoni na kuelea mtoni juu ya tyubu. Jamaa mmoja wa kampuni ya utalii amenipa machaguo mawili. La kwanza mapango ya Amboni, la pili chemchemi ya Chemka pamoja na mapango ya Wachagga kule Marangu. Bei zinakaribiana na anataka nusu ya hela kufikia Ijumaa. Mama watoto yeye anasema tuvuke kabisa hadi Jinja, Uganda, tukaelee kwenye Nile. Lipi lina maana zaidi? Nawasilisha.

Fundi Saa
Mkuu, umeficha kila kitu. Unatokea wapi? Hao "watu" ni akina nani, na wangapi? Kuna watoto? Wanajua kuogelea? "Bei zinakaribiana" ndiyo shilingi ngapi? Jibu hayo kwanza, vinginevyo kila mtu atakusifia kwao.

Bint Chumbageni
Amboni, na mjadala ufungwe. Pango lenyewe la asili, mawe ya chokaa, siyo handaki la kuchimbwa na majembe. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita nane tu, barabara ya Horohoro. Ndani kuna kumbi ndefu kwenda juu, popo, na mawe yaliyojichonga yenyewe ambayo mwongozaji atakuonyesha hili meli, hili mamba, hili sofa. Kuna na sehemu ya mzimu ambapo watu wanapeleka sadaka zao mpaka leo. Ukitoka hapo unapita Galanos kwenye maji ya kiberiti. Nyie wa kaskazini mnadhani utalii ni Mlima tu.

Mpare wa Same
Dada umemsifia pango vizuri, lakini ameuliza na kuelea. Amboni utaelea wapi?

Bint Chumbageni
Mto Mkulumuzi unapita hapo hapo.

Mpare wa Same
Unapita, ndiyo. Mimi mwongozaji wetu alituambia tukae mbali na maji, kuna mamba wa kweli siyo wa jiwe. Huyo jamaa wa kampuni aulizwe tyubu anazishushia wapi na nani kamruhusu. Eneo lile siku hizi liko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, siyo tena Idara ya Mambo ya Kale. Huwezi kushuka na matairi yako ukajitupa tu.

Mkenya Mpole
Majirani, mbona mnajibana hivyo? Njooni Suswa. Ni mapango ya volkano, lava ilipita ikaacha mirija chini ya ardhi, unatembea ndani kabisa na Mmaasai mwenye eneo lake. Kuna ukumbi nyani hulala usiku, watu huuita bunge la nyani. Halafu mnaenda Sagana kwa mto Tana, huko kuna mashua za mpira, tyubu, kayaki, kila kitu, na wanakuvalisha kofia ngumu na jaketi hata ukikataa.

Fundi Saa
Suswa na Sagana siku moja? Hiyo moja iko kwenye Bonde la Ufa, nyingine iko upande wa pili wa Nairobi. Hata kwa mtu aliyelala Nairobi hiyo ni siku mbili.

Mkenya Mpole
Nimesema njooni. Sijasema mrudi.

Kijana wa Njiro
Asanteni wakuu. Ni kweli niko Arusha. Tuko kumi na wanne: familia, majirani na mama mkwe anayetoka Singida. Watoto ni watano, mdogo ana miaka sita. Wanaojua kuogelea ni mimi na shemeji. Gari tutakodi Coaster. Kilichonivutia ni video niliyotumiwa: watu wamekaa kwenye tyubu wanaingia na mto NDANI ya pango, giza totoro, taa kichwani. Ndicho ninachotaka hasa.

Fundi Saa
Haya sasa. Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Tausi wa Houston
Kaka, hiyo video kwa maelezo yako ni Belize, Amerika ya Kati. Nimeenda na wafanyakazi wenzangu tulipopita na meli ya kitalii. Panaitwa Nohoch Che'en, mto wa Caves Branch. Unabeba tyubu yako begani, unatembea msituni zaidi ya nusu saa, unaingia majini, mto unakupitisha ndani ya mlima. Mwongozaji anafunga tyubu zenu msururu mmoja ili asipotee mtu gizani. Wamaya wa kale waliyaona mapango yale kuwa mlango wa kuzimu, kwa hiyo mwongozaji anakusimulia hayo huku taa zote zimezimwa, na hapo ndipo wanaojifanya majasiri hushika mikono ya majirani. Mvua ikizidi wanafunga, hakuna kubembeleza. Kuna pango jingine huko, Actun Tunichil Muknal, kamera ni marufuku tangu mtalii aangushe yake juu ya fuvu la zamani mwaka 2012. Kwetu huko sijasikia mahali pa kuelea ndani ya pango kama vile. Pango utalipata, mto utaupata, lakini mbalimbali.

Mpare wa Same
Basi mada imekwisha. Anachotaka hakipo, achague kilichopo.

Mwana Hai
Kilichopo ni Chemka. Mimi ni mtu wa wilaya ya Hai, hapo Rundugai nimekulia. Kutoka Arusha unakuja na barabara ya Moshi, unakatia Boma Ng'ombe, kisha vumbi. Maji ni ya uvuguvugu, siyo moto kama jina linavyotisha, na ni maangavu unaona mpaka chini. Tyubu zinakodishwa pale pale, kuna kamba ya kujirusha, mitini kuna tumbili wanaiba chapati. Ila nikueleze ukweli: ni bwawa lenye mkondo. Unaelea kipande kifupi chini ya mikuyu, unatoka, unarudi. Siyo safari ya saa mbili mtoni. Na usiende Jumapili mchana, kuna spika kila mti.

Mama Wawili
Chemka ni pazuri, ubaya ni wanaokupeleka. Nisikilize mwanangu kabla hujatoa nusu ya hela.

Sisi kikundi chetu cha kina mama tulilipa kampuni moja hapo mjini, siitaji. Tukaambiwa Marangu asubuhi, Chemka mchana, chakula, jaketi okozi, tyubu za kisasa, mwongozaji wa kila watu watano. Gari lilitakiwa saa kumi na mbili, likaja saa mbili kasoro, viti viwili havina egemeo. Marangu tukafika jua limeshapanda. Yale mahandaki ni membamba, unaingia umeinama na sehemu nyingine unatambaa, hakuna aliyetuambia, sisi tumevaa madira. Mwenzetu mwenye shinikizo la damu akapata hofu katikati, nyuma yake kuna watu tisa, mbele kuna mwongozaji anaendelea kusimulia Wachagga walivyojificha na ng'ombe wao Wamaasai wakivamia. Ikabidi wote turudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kinyumenyume, kwa magoti!

Chemka tukafika saa kumi jioni. Tyubu za kisasa zikageuka mipira ya ndani ya matairi ya lori, imeanikwa juani tangu asubuhi. Ukikaa, mapaja yanaungua. Ile pua ya kujazia upepo ni ya chuma na imesimama, ikanichana hapa kwenye ubavu, kovu ninalo. Jaketi yalikuwa manne kwa watu ishirini na moja. Binti mmoja akakaa kwenye tyubu bila jaketi, mkondo ukamsogeza hadi kwenye mizizi ya mkuyu, tyubu ikapinduka. Aliyemtoa ni kijana wa pale anayeuza mahindi, siyo mtu wa kampuni. Mtu wa kampuni alikuwa anapiga picha za kuweka kwenye ukurasa wao, na picha hizo waliziweka! Tulipodai hela ya jaketi tukaambiwa "mlirudi salama, mnadai nini". Chakula kilikuwa chipsi za baridi.

Kwa hiyo: kagua jaketi kwa macho yako kabla ya kulipa, na ya watoto yawe saizi yao. Jaketi la mtu mzima mtoto wa miaka sita linamvuka kichwani. Pua ya tyubu ielekee chini, na umwagie maji kabla ya kukaa.

Mpare wa Same
Pole mama. Hiyo ya kurudi kinyumenyume nimecheka kwa dhambi.

Daktari Mtarajiwa
Naongeza la afya. Anayewaza Jinja ajue Nile ya pale inatoka Ziwa Victoria, na kichocho kipo. Ukielea saa nzima miguu ikiwa majini, konokono wanaobeba wadudu wale hawakuulizi kama umetoka Arusha. Dawa ipo, praziquantel, lakini inaua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo unapima na kunywa baada ya wiki kadhaa, siyo jioni ile ile. Na mapangoni, popo. Kitum kule Mlima Elgon upande wa Kenya, watu waliotembelea pango mwaka 1980 na 1987 waliugua Marburg, ile homa ya virusi inayoua. Sisi wenyewe tumepata Marburg Kagera mwaka 2023. Msishike popo, msiguse kinyesi chao, mnawe mikono kabla ya chapati.

Bint Chumbageni
Unatisha watu bure. Amboni watu wanaingia tangu enzi za Mjerumani.

Daktari Mtarajiwa
Sijasema wasiingie dada. Nimesema wanawe.

Fundi Saa
Jinja iondoe kabisa. Arusha hadi Nairobi, Nairobi hadi Jinja, hata kufika tu siku moja ni shida. Amboni nayo: Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita mia nne. Coaster yenye watoto watano na mkwe, hiyo ni siku nzima barabarani. Nani kakuambia ni safari ya siku moja? Huyo jamaa wa kampuni amekuona mgeni. Hesabu inabaki moja, Marangu na Chemka, na hata hapo zipo pande mbili za Moshi. Anzeni Marangu asubuhi, rudini Chemka mchana mkielekea nyumbani.

Mwana Hai
Mimi ningegeuza. Chemka saa mbili asubuhi mko peke yenu.

Fundi Saa
Halafu mnaingia handakini na nguo mbichi?

Mwana Hai
Nguo za kubadilisha ni za kazi gani?

Mzee wa Pongwe
Vijana, nimesoma yote na hakuna aliyegusa jambo lenyewe. Mtu anasema anakwenda kuelea majini na MAMA MKWE. Atavaa nini mbele yake? Na yeye mama atavaa nini mbele ya mkwewe? Zamani mkwe ukimwona njiani unakata kona.

Kijana wa Njiro
Mzee shikamoo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda.

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Kuomba kwenda siyo kuomba kukuona na kaptula.

Mama Wawili
Mzee, kuna fulana na suruali ya michezo. Mbona wanawake wa Zanzibar wanaingia baharini na mabaibui? Mama akae kivulini, miguu majini, basi. Ila handakini asiingie, nimeshasema.

Tausi wa Houston
Mama mkwe wangu Mwingereza alirukia kamba kabla yangu 😂

Mzee wa Pongwe
Wako ni Mwingereza.

Mkenya Mpole
Jambo moja serious kidogo, mniwie radhi. Mkienda mahali popote pa korongo au mto, ulizeni mvua ya juu, siyo ya hapo mlipo. Septemba 2019 pale hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliingia korongoni, watu saba wakafa, akiwemo mwongozaji. Mvua ilikuwa imenyesha kwingine huko juu. Maji yakibadilika rangi au yakianza kubeba vijiti, tokeni, msingoje kuulizana.

Mwana Hai
Kweli kabisa. Chemka masika maji ya bwawani hubaki maangavu, lakini mto Kikuletwa wenyewe huko chini unakuja mwekundu. Na hata barabara ya vumbi hiyo Coaster itakwama.

Bint Chumbageni
Na hayo maji yenu ya Kikuletwa yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka kama mto Pangani, yanaishia baharini mkoa wa TANGA. Kwa hiyo hata mkielea Chemka mnaelekea kwetu.

Mpare wa Same
Huyu dada hashindwi 😂 Haya, na lile pango lenu linatokea Mombasa au Kilimanjaro? Babu yangu alisema wazungu waliingia na mbwa, mbwa akatokea Mlimani.

Bint Chumbageni
Linatokea Mombasa, kila mtu anajua.

Fundi Saa
Lilipimwa mwaka 1994, pango refu kuliko yote pale lina kama mita mia tisa. Mombasa iko wapi hapo?

Bint Chumbageni
Walipima walipoweza kupita wao. Mzee wa Pongwe, hebu waambie.

Mzee wa Pongwe
Mombasa sijui. Ninachojua ni kuwa wahalifu Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha humo enzi za mkoloni, na polisi walihangaika nao. Sasa kama ni mita mia tisa tu, walishindwaje kuwaona?

Mpare wa Same
Mzee hapo umempa ushindi.

Kijana wa Njiro
Wakuu, nimempigia jamaa wa kampuni, nikamuuliza jaketi za watoto. Kasema "zipo za kutosha", nikaomba picha, mpaka sasa tiki mbili za bluu bila jibu. Mama watoto naye ameanza kuuliza Belize nauli ni kiasi gani.

Mama Wawili
Hiyo nusu ya hela usitoe. Kodi Coaster yako, lipa kiingilio mlangoni, tyubu kodi pale pale.

Fundi Saa
Na jaketi?

Mama Wawili
Kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu labda, sijui. Mwana Hai, wapo wanaokodisha?

Mwana Hai
Wapo wenye nazo. Za watoto sijaona. Nitaenda Jumamosi niulize.

Mpare wa Same
Ukienda uliza na bei ya mbuzi, kikundi chetu kinatafuta mahali pa kufunga mwaka.