Tupeane uzoefu: majina ya ughaibuni yenye asili ya Ireland, siku ya kwanza uliyasoma vipi?

Mtoto wa Uyole (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Mimi nimelelewa kwenye a-e-i-o-u: neno linasomwa lilivyoandikwa, basi. Nimekuja kuumbuka Baltimore, huku Marekani. Naendesha teksi ya mtandaoni. Wiki ya kwanza akapanda mzee mmoja, nikamuuliza kazaliwa wapi. "Bolma." Nikauliza, ni mbali na hapa? Akanitazama kwenye kioo: "Kijana, tumo ndani yake."

Wenyeji wameila silabi nzima ya katikati! Baadaye nikafuatilia. Ukoo wa Calvert, wale walioanzisha koloni la Maryland, ulipewa cheo cha Lord Baltimore mwaka 1625, kutokana na shamba lao la huko Longford, Ireland. Kwa Kiairishi ni Baile an Tí Mhóir, yaani mji wa nyumba kubwa. Kwa hiyo Waingereza walilivunja kwanza, hawa wa hapa wakaja kusagasaga vipande. Nani mwingine yamemkuta?

Lori la Usiku
Umenikumbusha mbali mkuu. Nebraska, barabara ya I-80, saa nane usiku, tairi limepasuka. Napiga simu ya msaada, nasema niko karibu na "Keanei". Dada wa watu anasema mji huo haupo. Nikasema "Kiani". Haupo. Ikabidi nimtajie herufi moja moja, K-E-A-R-N-E-Y, baridi inanitafuna. "Oooh, Karni!" Karni! Hizo e zote ni mapambo tu.

Kuna jumba la makumbusho limejengwa kama daraja juu ya barabara yenyewe, ukipita chini yake ndiyo umefika. Mji umepata jina kutoka Fort Kearny, na ngome ikapata kwa mwanajeshi Stephen Watts Kearny, ukoo wenye asili ya Ireland. Yeye hakuwa na e ya pili. Wanasema watu wa posta ndio waliozoea kuikosea mpaka ikakaa.

Sista Atieno
Nyinyi mnalia na nakala, mimi niko kwenye orijino 😂

Ni nesi hapa Dublin. Wiki ya kwanza niliambiwa kwa simu, panda treni ushuke "Dan Liri". Nikakaa dirishani nasubiri Dan Liri. Tukapita kituo kimeandikwa Dún Laoghaire, nikakiangalia vizuri tu, nikasema hawa nao wana majina magumu. Nikajikuta Sandycove. Nilirudi kwa miguu, nikachelewa, na aliyenielekeza hakuelewa kosa langu ni lipi.

Kuna utaratibu lakini, ukiuzoea. Bh inasomwa v: Cobh ni "Kov", bandari ya mwisho ya Titanic mwaka 1912. Gh mara nyingi haina kazi, kwa hiyo Tallaght ni "Tala". Shida ni kwamba katika miaka ya 1820 na 1830 wapima ramani wa serikali ya Uingereza walizunguka nchi nzima wakiyapa majina tahajia ya Kiingereza. Hapo ndipo sauti na maandishi vilipoachana kabisa. Watu wakapanda meli pale Cobh na hayo majina yaliyokwisha kupinda, wakayapanda Marekani na Australia. Mnatarajia nini?

Mzee wa Kilosa
Mimi napita tu. Kuna Kilkenny huko Minnesota. Nilipoona "Kil" nikajua ni ndugu zetu, Kilosa, Kilwa, Kilifi. Kumbe kwao Kil ni kanisa. Ila angalau hilo linasomeka.

Mwana wa Bukavu
Miye niko Cape Town tangu 2009, nafikiaga Athlone. Nimesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo kwangu ilikuwa "Atlon", fupi, kama unafunga mlango. Konda wa taksi hakunielewa hata kidogo, abiria wakaanza kusaidia, kila mtu na lake. Jina lilifika huku kwa mlango wa nyuma: Earl (cheo cha kikabaila) wa Athlone, mji wa Ireland, ila mwenyewe Mwingereza, alikuwa gavana mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1924. Nilimwelekeza kila mgeni kwa ile minara miwili mikubwa ya mitambo ya umeme, nisilazimike kulitaja. Mwaka 2010 wakaiangusha kwa baruti. Ikabidi nijifunze.

Maji Marefu
Montana, mbele ya darasa. Nawasilisha ramani za maji chini ya ardhi, nasema "Megha County" mara kumi na kitu. Hakuna aliyenisahihisha mpaka mwisho, akanyoosha mkono binti mmoja wa huko huko: ni "Mar". Meagher, herufi saba, unatamka "Mar"!

Kwa hasira nikamsoma mwenye jina. Thomas Francis Meagher, mzaliwa wa Waterford, 1823. Aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1848, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa akapelekwa uhamishoni Tasmania. Akatoroka hadi New York, akaongoza Brigedi ya Waairishi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaishia kukaimu ugavana Montana. Mwaka 1867 alitumbukia mto Missouri pale Fort Benton, mwili haukuonekana. Sanamu yake iko Helena, mji mkuu wa Montana, juu ya farasi, upanga hewani. Mtu wa namna hiyo nilimwita Megha kwa nusu saa.

Mama Wawili
Angalieni msije mkaniiga. Uwanja wa ndege wa Melbourne uko Tullamarine. Nikawaeleza wenzangu kazini kwa kujiamini kabisa kuwa hilo ni la Ireland, kama Tullamore. Likawa la wenyeji asilia wa Australia. Nimekaa kimya tangu siku hiyo.

Mtoto wa Uyole
Mama Wawili pole 😂😂 Jana kapanda Bolma mwingine, akaniuliza natoka wapi. Mbeya. Akajaribu, "Em-beya." Nikamwambia bado. Akavuta pumzi: "Umbeya."

Nimemwacha hapo hapo.