Kulwa na Doto: ni damu au ni malezi?

MamaKulwa, Kibirizi
Shikamooni wakubwa, wengine habarini. Mimi naanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Nina mapacha wa miaka 12, Kulwa wa kiume, Doto wa kike. Siku za giza zilipoanza, zile zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, baba yao alimchukua Kulwa mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, akamfundishe kufunga taa. Doto akawafuata mpaka maji yakamfika magotini, akarudishwa. Baba yake akasema mwanamke hakuumbiwa ziwa, ni mambo ya damu. Mtoto alishinda kwenye vichanja vyangu, chakula hakugusa. Na yeye ndiye muogeleaji. Kulwa akipanda mtumbwi anatapika! Tumbo moja, ziwa moja. Damu ipi hiyo iliyowatenga? Anayejua anieleze, maana nikibishana na mume wangu sina la kushika.

Mstaafu wa Mwamgongo
Pole mwanangu. Nimeongoza wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe miaka mingi. Sokwe jike mdogo hukaa ubavuni mwa mama yake penye kichuguu, macho hayabanduki kwenye kijiti: kinavyoingia tunduni, kinavyotolewa taratibu mchwa wasidondoke. Kaka yake muda huo anabingirika na wenzake. Watafiti walipima, wakatangaza mwaka 2004: majike waliweza kuvua mchwa wakiwa na miezi 31 kwa wastani, madume 58. Kwa hiyo tofauti ya jike na dume ipo, sitaificha. Lakini mvuvi anayewahi ni jike.

Sasa teremka kusini hadi hifadhi ya Mahale. Sokwe ni walewale, ziwa lilelile. Kule wawili wakisafishana manyoya huinua kila mmoja mkono juu, wakashikana, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anamsafisha mwenzake kwapani. Gombe hawana mtindo huo. Hiyo ni desturi, mtoto anaikuta kwao. Ikiwa sokwe wana desturi, sisi je?

Mkunga_Ujiji
Dada, mapacha wa kiume na wa kike hutokana na mayai mawili. Jeni, yaani chembe za urithi, wanazoshiriki ni kama nusu tu, sawa na ndugu wowote waliopishana miaka. Huenda ndiyo maana mmoja anatapika na mwingine hana habari. Kulwa akibalehe atapata ndevu na misuli zaidi, na kwenye kuvuta wavu itaonekana. Kufunga taa na kusoma upepo hazaliwi nako mtu. Hufundishwa, na aliyefundishwa ni mmoja.

Salum wa Katonga
Shemeji, mimi navua. Nikwambie ukweli ambao wanaume tunauzunguka. Usiku kucha mtumbwini hakuna faragha, haja unamalizia pembeni mbele ya wenzako. Binti yangu nisingempeleka, kwa heshima yake, na upepo wa usiku nao unanitisha. Mume wako anaogopa hayo. Aseme hivyo, asisingizie damu.

MamaKulwa, Kibirizi
Asanteni sana. Nimemsomea yote jana. Kwenye sokwe alicheka, kwenye maneno ya Salum akanyamaza, akaniomba nirudie. Wiki ijayo ni mbalamwezi, hawavui. Kasema atawatoa wote wawili, mchana, kwa mtumbwi mdogo, wasipite mbali na mwalo. Doto ameshaulizia kasia lake liko wapi.