Serikali ya Marekani ikifungwa kwa ugomvi wa bima ya afya, mbona bima yenyewe haifungwi?

Kinyasini: Wakuu, naomba kueleweshwa. Oktoba 2013 Warepublican waligoma kupitisha bajeti mpaka Obamacare, yaani sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, inyimwe fedha, serikali ikafungwa siku 16. Oktoba 2025 kibao kikageuka: Wademocrat ndio wakagoma mpaka ruzuku za Obamacare hiyohiyo zirefushwe, ikafungwa siku 43. Mara zote mbili watu waliendelea kujiandikisha kwenye bima. Kama fedha zimekatika, za bima zinatoka wapi? Na kwetu bajeti ikichelewa, mbona hatusikii ofisi kufungwa?

Mkoba_wa_Hazina: Mkuu, Marekani ina mifuko miwili. Wa kwanza hujazwa kila mwaka kwa miswada 12 ya matumizi, na mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba. Huo ndio unaofungwa. Wa pili unaendeshwa na sheria za kudumu: pensheni za uzeeni, Medicare (bima ya afya ya wazee), na ruzuku za Obamacare. Kisheria ruzuku hiyo ni nafuu ya kodi. Hazina huilipa kampuni ya bima kila mwezi bila kusubiri kura ya mtu.

Kwa hiyo 2013 kulikuwa na vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi mwezi Septemba ungeinyima sheria ile fedha za mifuko yote miwili, lakini ulihitaji kupita kwenye Seneti ya Wademocrat na kusainiwa na Obama, aliyesaini sheria yenyewe 23 Machi 2010. Hilo lisingetokea hata Seneta Ted Cruz wa Republican, aliyehutubia saa 21 kuipinga sheria ile, angezungumza saa 42. Kufungwa kwa serikali ni jambo jingine, na hakukugusa ruzuku hata senti.

Tena tovuti ya kujiandikisha ilifunguliwa siku ileile, 1 Oktoba, ikakwama vibaya. Waliofanikiwa siku ya kwanza walikuwa 6. Wapinzani wa sheria walikuwa na habari ya dhahabu mkononi, wakaifunika kwa habari yao wenyewe. Walichopata mwishoni ni kipengele cha kuhakiki kipato cha wanaoomba ruzuku, basi.

Ibara_kwa_Ibara: Naongezea kwa nini ofisi hufungwa kabisa. Kuna sheria ya zamani inayomkataza ofisa wa serikali kutumia fedha au kupokea kazi ya bure bila idhini ya Bunge. Kwa miaka mingi bajeti ikichelewa ofisi zilibana matumizi na kuendelea. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akaitafsiri kwa ukali: hakuna idhini, hakuna kazi; mapema 1981 akafafanua kuwa zinazolinda maisha na mali zinaruhusiwa. Ndiyo maana waongoza ndege wanakwenda kazini bila mshahara. Sheria ya 2019 inawahakikishia watumishi malimbikizo yao serikali ikifunguliwa, lakini wafagiaji na walinzi walioajiriwa na wakandarasi hawamo. Hao siku zao hupotea.

Kuhusu kwetu: Kenya, ibara ya 222 ya Katiba inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha fedha kabla ya sheria ya bajeti kupita, zisizozidi nusu ya makadirio ya mwaka. Tanzania, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na mbunge anayeijua ibara hiyo hafanyi mzaha. Marekani haina kimojawapo. Wala si suala la mfumo wa urais tu, maana Kenya nayo ina rais asiyetoka bungeni.

Kinyasini: Nimekupata mkuu. Na 2025 Wademocrat walikwamishaje, wakati hawakuwa na wengi popote?

Mkoba_wa_Hazina: Seneti inahitaji kura 60 kufunga mjadala. Warepublican walikuwa 53. Tarehe 10 Novemba wanane wa upande wa pili wakawaunga mkono, Mrepublican mmoja akapinga, ikapita 60 kwa 40. Baraza likapitisha 222 kwa 209 tarehe 12. Walioshindwa waliahidiwa kura ya ruzuku mwezi Desemba. Ikapigwa, ikakosa 60, na nyongeza ya ruzuku iliyoanza 2021 ikaisha 31 Desemba.

Kwa ndugu walioko huko, sehemu ya kuangalia ni ukomo wa kipato cha kupata ruzuku, yaani mara nne ya kiwango cha umaskini. Kwa mtu mmoja, bima ya 2026, ni dola 62,600. Tuseme bima ya daraja la kati inayotumika kupigia hesabu ni dola 12,000 kwa mwaka. Mwenye kipato cha 62,000 anachangia asilimia 9.96, yaani kama 6,175, zilizobaki ni ruzuku. Mwenye 63,000 analipa 12,000 zote. Kabla nyongeza haijaisha, huyo wa pili asingevuka asilimia 8.5, kama 5,355.

Na kuna mtego mpya: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, ukikadiria kipato kidogo kisha ukavuka ukomo, unarudisha ruzuku yote. Kile kikomo cha marejesho kilichokuwa kikiwakinga wa kipato cha chini na cha kati kimefutwa. Anayechukua zamu za ziada mwishoni mwa mwaka ajihadhari. Akikaribia mstari, michango ya akiba ya uzeeni inayokatwa kabla ya kodi hushusha kipato kinachohesabiwa. Kipato kikibadilika, aripoti kwenye akaunti yake ya bima mwezi huohuo, asingoje hesabu za kodi za Aprili.

Baharia_Nchi_Kavu: Viza je? Kuna mtu anasubiri.

Ibara_kwa_Ibara: Viza, pasipoti na maombi ya uhamiaji huendeshwa zaidi kwa ada za waombaji, kwa hiyo huendelea. Kinachokwama ni vyeti vya Idara ya Kazi anavyoomba mwajiri kabla ya viza ya kazi; hivyo vinategemea mfuko wa mwaka. Aulize faili lake liko hatua gani.