Naomba ushauri: Ninawapeleka akina mama wa kikoba chetu Bagamoyo, nianzie wapi?

Zabibu ya Hombolo
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Dodoma na ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 18 hapa Nkuhungu. Mwaka huu tulikubaliana kwamba kabla ya kuvunja kikoba twende pamoja kuiona bahari, kwa kuwa zaidi ya nusu yetu hawajawahi kuiona isipokuwa kwenye televisheni, na tukachagua Bagamoyo kwa sababu ya ufukwe wake, majengo ya kale na mambo ya sanaa. Tutalala huko siku mbili. Naomba kujua kama ni bora tupande treni au basi, na ufukwe upi unawafaa watu wasiojua kuogelea. Usingizi umenipungua kwa wasiwasi, kwa hiyo nitashukuru nikijibiwa mapema.

Mzee wa Reli
Pandeni treni ya SGR, binti yangu. Tangu safari za Dodoma zianze mwaka 2024, wakati nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, mimi sijakanyaga tena stendi ya Nanenane. Ninyi vijana hamjui tulikotoka. Kwenye reli ile ya zamani niliwahi kukwama kati ya Gulwe na Kilosa mchana kutwa na usiku kucha kwa sababu maji yalikuwa yamelisomba tuta, tukawa tunanunua kuku wa kuchemsha dirishani, na aliyekuwa na chumvi aliheshimiwa behewa zima.

Mjukuu wa Kaole
Mzee wangu, shikamoo, lakini treni haifiki Bagamoyo. Watashuka Dar es Salaam, kisha waende Makumbusho kutafuta daladala, na akina mama 18 wenye mabegi na vikapu hawataenea kwenye gari moja. Dada, kodini Coaster kutoka huko huko Dodoma. Mkifika Chalinze mnakata kushoto hadi Msata, pale mnashika kulia, na lami ya kilomita 64 inawafikisha Bagamoyo bila kuigusa foleni ya Dar.

Kuhusu ufukwe, siwezi kukujibu kabla hujanitajia tarehe. Bahari yetu hupwa ikaenda mbali kabisa, na mgeni anayefika wakati huo hukuta tope, mikoko na majahazi yaliyolalia ubavu, akadhani amedanganywa.

Zabibu ya Hombolo
Ahsante sana, kaka. Tarehe zimeshapangwa na haziwezi kubadilika. Nieleze tu ufukwe.

Shangazi Nzuguni
Mwanangu, mimi nilikwenda huko na kwaya yetu. Tulitembelea misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, tukaoneshwa mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, halafu mwenzetu mmoja wa sauti ya pili akachota maji ya bahari kwenye chupa ya lita moja na nusu ampelekee mama yake Kondoa. Chupa ilimwagikia ndani ya begi la majoho pale Gairo, na Jumapili iliyofuata tuliimba tukinuka samaki. Funga vifuniko vizuri. Lakini na mimi nauliza, ni nani aliyezipanga hizo tarehe zisizobadilika?

Zabibu ya Hombolo
Nilizipanga mimi, Shangazi, kwa niaba ya kikundi.

Mjukuu wa Kaole
Kwa nini hizo?

Zabibu ya Hombolo
Naona hamtaniacha, basi nieleze. Ni siku za tamasha la sanaa na utamaduni la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Mimi hutengeneza batiki, na kwa ajili ya siku hizo nimeandaa vitambaa 46. Mihuri nilikata mwenyewe kwenye sponji ya godoro kuukuu, mmoja una kichala cha zabibu, mwingine mbuyu, mwingine ng'ombe mwenye nundu, na kucha zangu zimebaki na rangi ya bluu hata wifi yangu hataki tena nisonge ugali. Dodoma wanunuzi wangu huniambia kuwa ni nzuri, kisha wananunua vitenge vya dukani.

Kutoka kwenye michango ya safari, ambayo ilitumwa kwenye simu yangu, nimelipa shilingi 400,000 za kianzio cha nyumba ya wageni na shilingi 150,000 za kibanda cha kuuzia. Nyumba ya wageni wenzangu 17 wanaijua. Kibanda hawakijui.

Tafadhali msinihukumu. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sijaligusa. Michango ya safari si hisa ya mtu. Nikiuza hata vitambaa kumi fedha hiyo inarudi, na wao bahari wataiona vilevile.

Shangazi Nzuguni
Kumbe hukuwa unauliza habari za ufukwe. Aliyechanga kwa ajili ya bahari hakuchanga kwa ajili ya kibanda, hata kama kibanda kinatazama bahari. Nimewahi kuwa katibu wa kikundi, na sisi tulivunjika kwa sababu ya shilingi 35,000 za sufuria. Waite wenzako uwaambie kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

Mgogo Halisi
Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Ugogo, na babu zetu waliitoza hongo kabla ya kuiruhusu kuvuka. Leo Dodoma inawatoza hongo akina mama wake wenyewe wakielekea Bagamoyo. Mila haifi.

Utani kando, dada yangu, Mgogo kupeleka sanaa pwani si jambo geni. Mzee Hukwe Zawose, bingwa wa ala za muziki za ilimba na zeze, alitoka huku kwetu, akaishi na kufundisha Bagamoyo, na akafia huko mwaka 2003. Tofauti ni kwamba yeye hakutumia michango ya kikoba.

Hakimu Asiyelipwa
Nimeufuatilia uzi huu tangu mwanzo na sisadiki. Kwanza tuliambiwa akina mama 18, sasa tunasoma 17. Mtu aliyejifanya hajui aanzie wapi tayari amelipia malazi na anajua wiki ya tamasha. Kisha tunasimuliwa zabibu, mbuyu na ng'ombe kwa ufundi wa muuza duka. Hili ni tangazo la batiki au la nyumba ya wageni, na kesho mtawekewa namba ya simu. Kaka wa Kaole naye huenda ni mtu mmoja na huyo dada.

Mjukuu wa Kaole
Ningekuwa mmiliki wa nyumba ya wageni, ndugu Hakimu, nisingewaambia watu kwamba ufukwe wetu una tope.

Zabibu ya Hombolo
Wa 18 ni mimi mwenyewe. Namba ya simu sitaiweka, na jina la nyumba ya wageni sitalitaja, kwa sababu sijui hata kama ni nzuri.

Mjukuu wa Kaole
Hicho kibanda ulilipia kwa nani? Piga simu ofisi ya TaSUBa uulize kama mtu huyo wanamtambua.

Zabibu ya Hombolo
Nimerudi baada ya siku tatu. Aliyepokea fedha alikuwa dalali. Kibanda kipo, lakini kiko kwenye barabara ya mji wa kale, nje kabisa ya viwanja vya tamasha, tofauti na nilivyoaminishwa.

Jana niliwaita wenzangu nikawaeleza yote. Walinyamaza kwa muda ambao sitausahau. Mwenyekiti akaamua kwamba shilingi 150,000 zikatwe kwenye gawio langu siku ya kuvunja kikoba, na kwamba mwakani atatafutwa mweka hazina mwingine. Wawili wamejitoa kwenye safari. Halafu mmoja akauliza kama ile batiki ya mbuyu ipo ya rangi ya zambarau. Sasa tuko 16 na tarehe ni zile zile, ambazo kwenye kalenda zinaangukia mbalamwezi.

Mjukuu wa Kaole
Mbalamwezi ni bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine. Kwetu siku hizo maji hupwa mbali karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Asubuhi uzeni batiki, wengine waende magofu ya Kaole au wakaangalie samaki wakinadiwa, na saa tisa teremkeni wote ufukweni wakati maji yanapanda, msivuke kina cha magoti. Je, yupo hata mmoja anayejua kuogelea?

Zabibu ya Hombolo
Hayupo, ila mwenyekiti ameshanunua kofia ya kuogelea.